Aliyeshika Upande wa Kina

Wanaosimulia mambo ya aina hii huanza na usiku wa giza, bundi analia, mtu katoka ngomani peke yake. Mimi sina usiku wa kukupa. Yaliyonipata yalinipata adhuhuri, jua likiwa utosini, kivuli changu kimejikunja chini ya miguu yangu. Nilikuwa na akili zangu timamu, sina homa, sikulala na njaa. Wala sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kuniamini, niamini. Ukitaka kucheka, cheka, lakini subiri nimalize kwanza.

Tulikuwa tunakaa pembeni ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, upande wa bara, mahali ambapo ukitokeza kwenye mikoko na maji yametulia unakiona Kilwa Kisiwani kama kimewekwa juu ya sinia. Kilikuwa kitongoji kidogo, nyumba chache tu, na kila nyumba ilijua nyingine inapika nini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwetu. Nyuma yangu Saidi, kisha Bakari, kisha Somoe, ambaye mama alipofariki alikuwa bado anatambaa. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa darasa la nne, nikaacha shule. Hakuna aliyenilazimisha. Nani mwingine angebaki nyumbani?

Sijui kama wewe umewahi kuishi na mikoko. Watu wa leo wakiisikia wanafikiria tope na mbu. Tope lilikuwepo, na mbu walikuwepo, nisikudanganye. Lakini asubuhi maji yakipwa, tope lote lile lilikuwa linatembea. Vikaa vyenye gando moja kubwa jekundu vilisimama mbele ya mashimo yao vikipunga, vikipunga, utadhani vinakuita uingie ndani unywe uji. Kulikuwa na visamaki vyenye macho juu ya kichwa, vinavyorukaruka matopeni na kupanda mizizi kama mijusi. Ndege sululu walichomeka midomo yao mirefu iliyopinda, kulasitara wakasimama kwa mguu mmoja bila haraka, na kima walishuka kula kaa na kutupa magamba vichwani mwetu. Sisi watoto tulikuwa tunawatukana, na wao, wallahi, walikuwa wanatujibu. Leo nikipita pale nasikia ukimya mpaka masikio yanauma.

Chakula chetu kilitoka humo. Tondo, wale konokono wa mikokoni, tuliwaokota matopeni, kaa tuliwavuta kwa kijiti chenye ndoana, lakini kazi kubwa ya wanawake ilikuwa kutanda uduvi, wale kamba wadogo sana. Kama hujawahi kuona, nikueleze. Kanga kuukuu mbili zinashonwa pamoja zinakuwa nguo moja ndefu. Mmoja anashika pembe mbili upande wa pwani, mwenzake anashika pembe mbili upande wa kina, maji yakimfika kifuani. Mnaivuta taratibu, mnainama pamoja, mnainua pamoja, uduvi wanabaki ndani wakimetameta. Peke yako huwezi. Hata uwe na nguvu za punda, huwezi. Mama yangu alikuwa mrefu, kwa hiyo alikuwa anashika upande wa kina, na mimi upande wa pwani.

Kugawana nako kulikuwa na utaratibu wake. Mkishamaliza mnaweka mafungu mawili juu ya mchanga. Mmoja anageuka, anawapa mafungu mgongo, anatazama mikoko. Mwenzake anaweka mkono juu ya fungu moja na kuuliza, "Nani?" Yule aliyegeuka anajibu, "Mimi," au, "Wewe." Basi, imekwisha. Hakuna kununa, hakuna kusema lile kubwa hili dogo, na neno likishatoka halirudishwi. Wanawake wa horini waliishi miaka mingi bila kugombana juu ya uduvi kwa sababu ya utaratibu huo.

Somoe alipokuwa ameshaanza kutembea ikaja amri ya serikali ya kuhamia kijijini, kule juu barabarani. Kila mtu alipewa kiwanja chake, nyumba zikapangwa mistari. Watu wetu wakaanza kuondoka, nyumba moja moja, na milango wakaibeba kichwani. Bi Zainabu, jirani ambaye baada ya mama kufariki ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kutanda, alipita kwetu na mzigo wake.

"Twende, mwanangu."

"Bado, Bi Zainabu. Sina nyumba kule."

"Sasa hapa utatanda na nani? Na kima?"

"Nitajua."

"Kima hawana subira, watakula uduvi wote mbichi, wakuachie nguo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kanga na kuondoka.

Nilikuwa na sababu ya kubaki. Mjomba wangu alikuja kutoka Mitwero, akaketi barazani, akanywa maji, akatupanga.

"Saidi atakuja kwangu. Bakari ataenda kwa shangazi yenu Kipatimu, kule chakula hakikosekani. Somoe atachukuliwa na Bi Zainabu, hana mtoto wa kike. Na wewe umeshakua, utaolewa."

"Mjomba, hawa si mihogo," nikamwambia.

"Nani kasema mihogo?"

"Unawagawa."

Akacheka, lakini hakucheka sana. "Una mdomo kama mama yako, Mungu amrehemu. Haya, sikiliza. Nyumba ikisimama kijijini kabla ya mvua, kaeni wote humo, sitasema neno. Isiposimama, nakuja kuwachukua."

Nyumba haisimami kwa maneno. Watu wa kijijini walikuwa radhi kuja kutusaidia, kukandika na kuezeka, lakini wanaokusaidia lazima uwalishe, siku zote za kazi. Muhogo nilikuwa nao shambani. Kitoweo sikuwa nacho. Nikapiga hesabu yangu ya kike: nikipata uduvi wa kutosha, nikawakausha na kuwajaza kwenye makanda, nyumba itasimama. Nikikosa, ndugu zangu wataondoka mmoja kusini na mmoja kaskazini, na Somoe atakua akiniita dada wa jirani.

Kwa hiyo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, lilipofika nikashuka horini na nguo yangu, peke yangu. Nikafunga upande mmoja kwenye mzizi wa mkoko, upande mwingine nikaushika mimi. Maji yaliichukua nguo yakaichezea kama watoto wanavyoichezea kofia ya mlevi. Nikajaribu tena na tena. Nilichopata kingejaa kiganja. Nikasimama pale majini nikalia, kwa sababu hapakuwa na mdogo wangu wa kuniona.

"Mwenzio yuko wapi?"

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama upande wa kina, maji yakimfika kifuani, kajifunga kaniki nyeusi. Mtu mzima, mnene, mabega mapana, macho madogo yenye upole. Sikumsikia akija. Nikadhani ametoka ng'ambo, kwenye kambi za wavuvi, kwa maana wageni walikuwa wengi wakati ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sina mwenzangu. Wamehama wote."

"Nipe pembe," akasema.

Nikampa. Niamini ninachokuambia: sijawahi kutanda vile, kabla wala baada. Nguo ilikwenda majini kama inayojua njia. Tukainama, tukainua, na uduvi walikuwa wazito mpaka mikono ikatetemeka. Yeye hakutetemeka. Kila tukiinuka alikuwa anatoa pumzi puani kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka chini.

Tulipofika kwenye kugawana, hakutoka majini. Aliketi pale pale kwenye maji ya kina kifupi, yakimfika kiunoni, kaniki imetanda kumzunguka. Nikaweka mafungu. Akageuka, nami nikaweka mkono juu ya fungu nikauliza, "Nani?"

"Wewe."

"Basi na hili lako, mama."

"Chukua na hilo. Una watoto."

Nilikuwa sijamwambia kama nina watoto wa kulea. Alichokichukua ni kitu kimoja tu. Nguo ikivutwa huwa inanasa zile nyasi ndefu za baharini, nasi huzitupa. Yeye alizitoa moja moja, akazikung'uta mchanga, akazifunga fundo na kuondoka nazo upande wa kina. Nikasema moyoni, labda ni dawa.

Bamvua hilo lote alikuja, na lililofuata, na lililofuata tena. Sikumwona akifika hata mara moja. Nilikuwa nageuka tu, namkuta. Hatukuongea mengi. Nilimweleza habari za mjomba, habari za nyumba, jinsi Saidi na Bakari walivyokuwa wakikata fito na kuzibeba hadi kiwanjani. Alikuwa anasikiliza vizuri sana. Nikwambie ukweli, nilimpenda. Nilikuwa msichana tu, nimeanza kufunga kanga ya mtu mzima bila kuwa mtu mzima, na hapo upande wa kina palikuwa na mtu tena. Nguo ikivutika kutoka upande ule nilikuwa nasahau kwa kitambo kwamba mama hayupo. Na kila mara zamu yangu ya kugeuka ilipofika, naye akauliza, "Nani?", nilijibu, "Wewe," kwa adabu, nikijua kabisa kwamba ataniachia yote. Ikawa ndiyo mazoea yetu. Mdomo ulijibu wenyewe.

Siku moja niliona kaniki yake imelowa maziwa kifuani, meupe, yakimwagikia majini.

"Mama, mtoto umemwacha wapi?"

"Alichukuliwa na jarife."

Nikamwambia pole. Nilijua jarife ni wavu mkubwa, wa papa na kasa, na nikafikiri ni mtoto wa mvuvi aliyenaswa kwenye nyavu za baba yake akazama. Mambo hayo hutokea. Sikuuliza zaidi. Lakini njiani nikirudi kitu kilinisumbua. Msimu ule ule, kabla watu hawajahama, wavuvi walikuwa wamemnasa nguva kwenye jarife, nguva mchanga. Unamjua nguva? Mnyama mkubwa wa baharini, rangi ya majivu, ananyonyesha mtoto wake kifuani kama sisi na kula nyasi za chini ya maji. Nyama yake ilikuwa tamu kama ya ng'ombe, na akipatikana haliwi na mtu mmoja, hukatwa mafungu na kila nyumba hupata lake. Kwetu walileta kwanza, kwa sababu tulikuwa yatima. Tulikula, tukalamba vidole. Nikajiambia, acha ujinga, tembea.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa bamvua la mwisho, makanda yamebaki kidogo tu kujaa. Saidi na Bakari walikuwa kijijini wanachanganya udongo. Somoe hakuwa na wa kumwangalia, nikashuka naye. Nilimketisha juu ya gogo la mkoko lililoanguka, kivulini, nikamwambia, "Usiteremke. Tazama kaa wanavyokusalimia." Naye akawa anawapungia.

Mwanamke akaja. Alimtazama Somoe muda mrefu.

"Ndiye wa mwisho?"

"Ndiye."

Akashika pembe zake. Tukatanda. Siku ile uduvi walikuwa wengi kuliko siku zote, na yeye akawa anavuta kwa nguvu, mara mbili nusura aniangushe. Tulipomaliza niliweka mafungu. Ilikuwa zamu yangu ya kugeuka. Nikageuka, nikatazama mikoko. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika kutoka mbali, hewa imesimama, hata kima wamenyamaza. Nikasikia nyuma yangu maji yakichezewa na Somoe akicheka kidogo. Kicheko cha mtoto anayetekenywa.

"Nani?" akauliza.

"Wewe," nikajibu.

Nikasubiri. Nilizoea kusikia, "Chukua na hilo." Sikusikia.

Nikageuka.

Mafungu mawili ya uduvi yalikuwa palepale mchangani, hayajaguswa. Somoe alikuwa ameshuka kwenye gogo, ameketi majini kando ya yule mwanamke, ameegemea kifua chake. Na mkono wa yule mwanamke ulikuwa juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Unajua damu ikiganda inakuwaje? Mimi nilijua siku ile. Nikapiga hatua moja, nikasimama. Kaniki ilikuwa imeelea pembeni, na pale ambapo miguu ingekuwapo niliona kitu kipana cha rangi ya majivu kikitikisika polepole chini ya maji, jinsi upepeo wa ukindu unavyotikiswa na mtu mwenye usingizi.

"Mama," nikasema, "mtoto huyo."

"Umeshasema."

"Sikutazama."

"Aliyegeuka hatazami. Ndio utaratibu wenu." Hakusema kwa hasira. Ningetamani angesema kwa hasira. "Wangu mlimkata mafungu. Nani hakupata? Wewe hukupata?"

Nilipata. Nililamba na vidole. Maji yalikuwa yameanza kujaa, nayaona yanapanda kwenye mizizi ya mikoko, na Somoe amefumba macho, ametulia kama anayenyonya.

Sikuwa na kisu, sikuwa na hirizi, na katika dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani nilikumbuka bismillahi peke yake. Nikasema bismillahi, nikaingia majini nikaketi. Niliketi ubavuni mwa Somoe, upande wa pili, nikamshika mkono. Bega langu likagusana na bega la yule mwanamke, baridi kama mtungi.

"Haya," nikamwambia. "Lakini sisi ni fungu moja. Mimi nimo, na wale wawili walio kijijini wamo. Mjomba wangu ametaka kututenga, nimemkatalia. Na wewe nakukatalia. Ukichukua, chukua wote wanne. Huwezi kubeba wanne, acha."

"Wanne," akasema.

"Wanne."

Maji yalinifika kwapani. Mkono wa Somoe sikuuachia, na ningekufa nao. Naye alikuwa ananitazama kwa macho yale madogo, yenye upole ule ule wa siku zote, na ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Hakuwa amebadilika. Alikuwa ni yule yule.

Kisha akauondoa mkono.

"Mimi nilikuwa na mmoja tu," akasema.

Akatoa pumzi kwa kishindo puani, akainama mbele, na mgongo wake ukapita karibu yangu, mpana, wa majivu, wenye makovu. Mkia ukainuka, ukashuka bila sauti. Maji yakafunga. Kwenye nguo yetu nyasi zilikuwa bado zimenasa, nyingi. Siku ile hakuzichukua.

Nilimbeba Somoe nikakimbia mpaka nyumbani, nikamsugua kwa kanga kavu, nikamlaza. Hakuwa na jeraha wala homa. Aliamka jioni akaomba uji. Kesho yake tulihama.

Uduvi walitosha. Watu walikuja, wakakandika, wakaezeka, wakala wakashiba, na Bi Zainabu akaniuliza mbele ya wote, "Enhe, kima wamekusaidia?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaenda nyuma ya nyumba kuongeza kuni. Mvua ilipoanza mjomba alikuja, akatazama paa, akatuhesabu kwa macho, akalala siku moja na kurudi Mitwero. Tulikulia katika nyumba ile wote wanne. Baadaye nikajiandikisha kisomo cha watu wazima cha usiku, ndiyo maana leo naweza kuyaandika haya mwenyewe. Saidi na Bakari wamezeeka, wana wajukuu. Hakuna aliyetugawa mpaka kila mtu alipoondoka kwa miguu yake, kwa ndoa yake.

Nyama ya nguva haikuingia tena katika chungu changu. Siku hizi hata ukitaka huipati. Wavuvi vijana wa Kilwa Masoko ukiwauliza kuhusu nguva wanakuambia ni hadithi za bibi. Mikoko ya hori letu imekatwa kwa boriti na mkaa, sululu ni wa kuhesabika, na vile visamaki vya matopeni wajukuu zangu hawavijui. Huwa naenda pale bamvua likifika, nasimama pembeni. Namwogopa mpaka leo, lakini nitakuwa mwongo nikisema sijawahi kutazama upande wa kina kwa hamu.

Ila kinachoniuma ni Somoe. Anaishi Lindi, mwanamke mzima, mwenye afya na mdomo kuliko mimi. Nikimsimulia habari za mama yetu, alivyokuwa mrefu, alivyokuwa akiimba akitwanga, anasikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza habari za majirani za mtu mwingine. Safari moja alinikatiza.

"Dada, huyo simkumbuki hata kidogo. Mimi naukumbuka mkono wake tu. Ulikuwa baridi, una harufu ya nyasi za baharini, akauweka hapa." Akagusa utosi wake. "Nikiumwa ndio huo ninaoufikiria, napata usingizi."

Nilimweleza ukweli wote, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina hakika nilifanya vizuri kumkatalia yule mwanamke.

Kwa hiyo, wewe unayeshuka majini kutafuta riziki, sikukatazi kupokea msaada wa usiyemjua. Mimi bila yeye nisingekuwa na ndugu. Msalimie, mshukuru, mpe pole kama amefiwa. Lakini mtoto mwache nyumbani kwa mtu, hata akilia. Mkono mwema ukishamgusa mara moja, wewe unaweza kumrudisha nyumbani mtoto mzima na bado sehemu yake ikabaki kule majini.